Kikombe Kimeolewa Muyinga

Ijumaa tatu mfululizo nilikula wali unaofaa kubandikia bahasha. Ijumaa ya kwanza mke wangu aliulaumu mchele: ni mchele mpya wa bonde la Imbo, una maji ndani. Ya pili akalaumu makaa, eti siku hizi wanachoma miti michanga. Ya tatu, baada ya kuwamaliza wote wa kulaumiwa, mimi nikiwemo, alisimama mbele ya kabati la vyombo, akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: "Kakombe kangu kako wapi?"

Ewe usiyekijua kikombe hicho, hujakosa uzuri wowote. Ni cha bati lililopakwa rangi ya samawati, mdomo una mstari mweusi, mkono ulikatika kabla sijaoa, na ubavuni kina kovu palipobanduka rangi na kutu ikapata makazi. Mama mkwe alikinunua Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, enzi za ujana wake, akapanda nacho Gitega, akakifanya kipimo. Kila kilichopikwa nyumbani kwetu hapa mtaa wa Musinzira kilipita humo: mchele wa pilau, farini ya maandazi, sukari ya chai ya Maulidi. Mapishi ya nyumba yetu hayajui gramu wala lita. Yanajua "viwili na nusu", na hapo haulizwi mtu viwili vya nini.

Muda mfupi kabla ya hapo tulimwoza binti yetu wa pili, akaenda kukaa Muyinga. Orodha ya vyombo alivyoondoka navyo ilisomwa mbele ya wazee: masufuria, mikeka, termosi mbili, sinia. Kikombe hakikutajwa. Mke wangu akapiga simu.

"Ndiyo Mama, ninacho," binti akajibu bila hata kuona haya. "Kwani ningempikia vipi mume wa watu?"

Kukidai hakuwezekani. Mke wangu alinieleza sheria hiyo kana kwamba imepitishwa bungeni: chombo cha mwari hakirudi kwao, kwa sababu kikirudi leo, kesho majirani watauliza na mwenyewe anarudi lini. Kwa hiyo tukae na wali wetu wa gundi kwa heshima ya ndoa ya mtoto.

Hapo ndipo nilipojitia. Nilisoma hesabu mpaka darasa la kumi, na mtu aliyefika darasa la kumi akastaafu huwa na mikono mitupu na maoni mengi. Nikamwambia mke wangu: kikombe ni bati tu, kipimo ni namba. Bati libaki Muyinga, namba ije kwa simu. Niliyasema maneno hayo nimekaa kitini, mguu juu ya mguu, na nakiri nilijipenda sana dakika ile.

Nikamwongezea na habari ya Wafaransa, maana sijui kunyamaza penye kufaa. Tangu mwaka 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa ni kipande cha madini, platini iliyochanganywa na iridi, kimefunikwa kwa vioo kule Sèvres karibu na Paris. Kila nchi ikachukua nakala yake, na nakala zikawa zinarudishwa mara mojamoja kulinganishwa. Wakagundua kwamba baada ya miaka mingi zimeachana na mama yao kwa kiasi cha mikrogramu hamsini, yaani kitu ambacho hata nzi hawezi kukinusa. Basi tarehe 20 Mei 2019 wakakiuzulu kile kipande, kilo ikawa inatokana na namba moja ya wanafizikia isiyobadilika. Mwaka huohuo Gitega yetu ilifanywa makao makuu ya siasa ya Burundi, na kule Sèvres mheshimiwa mwingine akashushwa cheo. "Unaona?" nikamwambia mke wangu. "Hata wao waliacha chuma wakashika namba."

"Wao walikuwa wanapika nini?" akauliza.

Sikumjibu. Nikampigia binti.

"Jaza kikombe maji mpaka juu. Tafuta chupa ya Fanta, ile ya kioo. Mimina."

Nilisikia maji, nikasikia mtoto wa jirani akifukuzwa, kisha: "Baba, chupa imejaa, na kikombeni kumebaki kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo, Baba."

Nikamwambia apime kwa kijiko. Vikawa vijiko vinne vya supu. Chupa ya Fanta ni santilita 30, imeandikwa. Kijiko cha mezani ni mililita 15, ila kwa Waaustralia, ambao wao cha kwao ni 20, sijui wanakula supu gani. Nne mara kumi na tano, sitini. Kikombe cha mama mkwe ni santilita 36! Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Baadaye sana ndipo nilipokumbuka kwamba santilita 30 za Fanta huishia shingoni, hazifiki kwenye kizibo, na binti yangu alikuwa amejaza mpaka mdomoni. Lakini siku ile nani angenizuia?

Ndipo nikatoa mizani. Shemeji yangu aliyeko Ubelgiji alituletea mizani ndogo ya jikoni, bapa kama kitabu, ya betri, inapima hadi gramu moja moja. Ilikuwa bado kwenye boksi lake. Santilita 36 ni mililita 360, na kila aliyesoma anajua mililita moja ya maji ni gramu moja. Nikaandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya kalenda: KIKOMBE = GRAMU 360. Nikaibandika ukutani juu ya jiko.

Jumamosi yake ilikuwa zamu ya maandazi. Ya nyumba yetu ni vikombe vitano vya farini, kimoja cha sukari, kimoja na nusu cha maji, na hamira kwa jicho. Nikapima mwenyewe. Gramu 1,800 za farini. Gramu 360 za sukari. Maji 540. Mke wangu alitia mkono kwenye beseni, akautoa. "Mzee, unga haushikani. Tuongeze maji." Nikamkataza hata tone, kwa sababu namba zimeshasema. Nikakunja mikono ya shati nikakanda mimi, nusu saa nzima, unga ukipasuka kama ardhi ya kiangazi. Tukakata, tukakaanga. Yalizama. Kwa kawaida andazi huzama kidogo kisha huibuka likicheka; haya yalizama yakabaki huko chini yakitafakari. Mtoto wa jirani tuliyempa mawili alirudi na moja, akasema mama yake ameshukuru, lakini wana msingi tayari.

Kosa nililielewa usiku, nikiwa na kiungulia. Nao ni wa kulaumiwa Wafaransa walewale. Mwaka 1795 walipoitunga gramu, waliifunga kwenye maji: sentimita moja ya ujazo ya maji ndiyo gramu. Kwa hiyo maji peke yake ndiyo yenye urafiki huo. Farini ni nusu unga nusu hewa. Kikombe hichohicho kinachobeba gramu 360 za maji hubeba kama 190 tu za farini. Mimi nilikuwa nimewakandia watu karibu vikombe kumi vya farini kwa maji ya vitano. Hata fundi mwashi asingekubali uwiano huo bila kuulizia nondo.

Basi nikaanza upya, kwa unyenyekevu kidogo. Nikachukua bilauri nyingine, nikaichora mstari kwenye santilita 36, nikapima kila kitu ndani ya nyumba. Mchele, gramu 300 hivi. Sukari nayo papo hapo. Mafuta ya kupikia 330, kwa kuwa mafuta huelea juu ya maji, jambo ambalo kila aliyeosha sufuria analijua bila kwenda shule. Asali 510! Asali ni nzito kama deni. Kalenda ikajaa, nikahamia Agosti.

Mke wangu alinitazama muda wote akimenya vitunguu. Nilipomaliza akafuta mikono, akachukua bilauri yangu, akachekecha farini juu yake taratibu, akasawazisha kwa kisu. "Pima." Gramu 160. Akaimwaga, akachota kwa kuizamisha ndani ya mfuko kama afanyavyo kila mtu. "Pima." 190. Akachota tena, akaigongagonga bilauri mezani mara tano, akajazia. "Pima." 225. Kisha akarudi kwenye vitunguu vyake. Hakusema neno lolote, na ndoa yetu ingekuwa na amani zaidi kama angesema.

Nikafikiri nitapata msaada kwenye kundi la wasapu la ukoo. Kosa la pili. Niliomba mapishi ya keki tu, keki ya kawaida, nikaona jinsi ukoo mmoja unavyoweza kutawanyika. Shemeji wa Ubelgiji aliandika gramu tupu, hata mayai aliyapima. Binamu aliyeko Uswidi aliandika desilita, maana huko unga hupimwa kwa desilita na hakuna anayeona ajabu. Mpwa wetu wa Marekani akaandika "vikombe viwili, siagi vijiti viwili". Vijiti! Nikafikiri ni vya kuchokolea meno, kumbe kule siagi huuzwa kwa vipande, na kila kipande ni gramu 113. Nikamuuliza kikombe chake ni kipi. Akasema kikombe ni kikombe, Anko. Hapana, mwanangu. Cha Marekani ni mililita 237, ila ikiwa ni cha kuandikwa kwenye pakiti ya chakula wanasema 240. Cha Australia ni 250. Cha Japani ni 200, na cha kupimia mchele kwa Wajapani haohao ni 180. Watu wanaweza kutengeneza gari lisilokufa kwenye barabara zetu, halafu wana vikombe viwili ndani ya jiko moja.

Na hivyo vikombe vya Marekani vina mama yao pia. Mwaka 1896 huko Boston, Fannie Farmer, mkuu wa shule ya upishi, alitoa kitabu kilichosisitiza kwamba kikombe kisawazishwe na kijiko kisawazishwe, hakuna kilima. Kabla ya hapo walikuwa kama sisi: siagi ukubwa wa yai, unga wa kutosha. Nikampenda mama huyo kwa nia yake. Tena alisema unga uchekechwe kabla ya kupimwa na kikombe kisitikiswe; ni mpwa wetu tu ambaye hakuniambia kama wake umechekechwa au umegongwagongwa.

Shangazi yetu wa Muscat alijibu wa mwisho kwa sauti, dakika nne, na katika hizo tatu na nusu ni salamu. Maelezo ya keki yalikuwa: "Unatia unga, unakisia tu." Na keki zake ndizo zinazosifiwa kuliko za wote hao.

Sokoni nako sikufurahi. Pale sokoni Gitega mchele na maharage huuzwa kwa kilo kwa wenye mizani, na kwa kopo kwa wasionayo, na kopo ndilo linalopendwa na watu wa kipato changu. Makopo yenyewe yalizaliwa na maziwa ya unga. Mengine chini yamebonyezwa kwa ndani, kidogo tu, kama mtu aliyevuta tumbo apigwe picha. Na kuna sanaa ya kumimina: mchele ukitoka juu unatua kwa maringo, umekaa mbalimbali kama wageni wasiojuana, ukimiminwa karibu na kutikiswa unashikamana. Huko Kenya wana gorogoro lao, na Tanzania wanapigana na lumbesa, gunia linaloshonewa kofia likabeba ziada isiyolipwa. Sheikh akisoma sura ya Al-Mutaffifin, ile ya wapunjao vipimo, mimi huwa nageuza shingo kuangalia ni nani na nani wamekuja kuswali.

Nilikwenda na mizani yangu kwapani. Mama muuza mchele alinitazama nikiitandaza juu ya gunia.

"Mzee, hiyo ni simu?"

"Ni mizani. Pima kopo lako mara mbili tuone."

Akapima mara mbili. La kwanza na la pili yalitofautiana kwa gramu thelathini na tisa, na aliyepima ni mtu yuleyule. Nikainua kidole. Lakini kabla sijaanza, akachota kiganja kimoja cha mchele akanitilia juu, ile nyongeza ya kila siku, namba zikapanda zikapita zote mbili. "Kopo langu lina miaka kumi," akasema. "Hiyo yako ina betri." Wateja wakacheka. Nikalipa.

Sikukoma. Ramadhani ilipokaribia kwisha, nikaingilia na zaka ya fitri. Zaka hiyo ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, na pishi ni jina walilokuja nalo wazee wetu wa pwani kwa kile kipimo cha Kiarabu, swaa: vibaba viwili kisaga, visaga viwili pishi, kama mudi nne zinavyofanya swaa moja. Na mudi ni nini? Ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani. Ujazo, si uzito! Ndiyo maana wanazuoni wakiugeuza kuwa kilo hawakutani: wengi husema kilo mbili na nusu, wengine tatu kwa kujihadhari, na wenye madhehebu ya Hanafi huenda juu zaidi. Tena pishi ya mchele haina uzito wa pishi ya tende wala ya unga wa muhogo. Haya yote niliyaeleza msikitini baada ya alasiri, mbele ya mzee aliyekuwa akipokea mchele kwa kopo kubwa la rangi ya njano. Nikamkumbusha na methali: haba na haba hujaza kibaba. Hujaza! Hakuna aliyesema hutimiza gramu mia saba.

Yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo, mwanangu," akasema, "unaniambia kopo ndiyo sawa?"

Nikatafuta pa kutokea katika hoja yangu mwenyewe, nikapakosa. Nikamimina mchele wangu koponi. Akausawazisha kwa kiganja.

Sasa msinifikirie mjinga kabisa. Uzito una faida zake. Muuza mikate hawezi kukisia mifuko mitano ya farini. Na shemeji ana haki kule aliko, ingawa hata yeye gramu zake hazikumwambia kwamba Gitega iko mita 1,500 juu ya bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na maharage aliyoandika "saa moja na nusu" sisi tuliyala baada ya isha.

Lakini kikombe kilikuwa bado kinaniuma. Mwezi uliopita, hiyasi za abiria zilipopata tena mafuta, nilipanda kwenda Muyinga kwa njia ya Karuzi, nimembeba kuku na bilauri yenye mstari. Nilikuwa nimeshakumbuka lile kosa la shingo ya chupa, na nilitaka kupima mwenyewe, kwa macho yangu, mara ya mwisho.

Binti alinipokea vizuri. Mkwe akanikalisha uani, chai ikaja. Na pale jikoni nikakiona, samawati, kiko juu ya gunia la mchele kama kimezaliwa Muyinga. Sikusema kitu. Nikamwacha apike, nikamtazama. Akachota, akakitikisa kidogo, akarudisha mchele kidogo guniani, akaangalia ubavuni, akamimina. Akachota tena, hivyohivyo.

"Mbona hukijazi?"

"Nani anakijaza? Bibi alisema mchele ufike kwenye kovu. Hapa." Akanionyesha pale penye kutu, vidole viwili chini ya mdomo. "Farini ndiyo inajaa, na kilima. Sukari inafika hapa kwenye kovu pia, ila siku ya wageni inapita."

"Na maji?"

"Maji ndiyo inategemea mchele, Baba."

Nilihisi zile karatasi za kalenda zikianguka moja moja ukutani kwangu Musinzira. "Sasa mbona siku ile kwenye simu hukuniambia?"

"Uliniambia nijaze maji mpaka juu," akasema. "Nikakutii."

Kwa hiyo pale pale nikamwomba kikombe, nikachota mchele mpaka kwenye kovu, nikaumimina kwenye bilauri yangu, nikachora mstari mpya kwa msumari. Niliishika mapajani njia nzima ya kurudi, Karuzi mpaka Gitega, na abiria wa pembeni akaniuliza kama ni dawa.

Nilifika magharibi imeshaadhiniwa. Ndani kulikuwa na wali mezani, punje zimesimama mbalimbali, hakuna iliyomgusa mwenziwe. Nikakaa, nikala sahani mbili kabla sijauliza.

"Umepimia nini?"

Mke wangu akanyoosha kidole kwenye rafu: kikombe cha chai cha wageni, kile chenye maua, ambacho sisi haturuhusiwi kukinywea. "Nimekizoea tangu ulipoondoka," akasema. "Ni siku nne tu, lakini hakukuwa na mtu wa kunisemesha."

Mizani iko chini ya mguu wa kabati, upande ule ambao sakafu imezama. Bilauri yenye mistari miwili tunachotea maji ya udhu.